Kitufe Kimoja, Mabwana Wawili

Mwalimu mmoja mstaafu wa Nyeri, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akikusanya methali na hadithi za Gĩkũyũ katika madaftari, aliketi mbele ya kompyuta na kuanza kunakili ukurasa wa kwanza. Alipofika kwenye neno mũndũ, aliandika m, akashikilia kitufe cha Alt cha upande wa kulia, kisha akabonyeza u. Mpangilio wa kibodi aliotengenezewa na kijana wa mtaani kwao ulisema wazi kwamba vitufe hivyo viwili kwa pamoja vinatoa ũ. Badala ya herufi, dirisha lilifunguka katikati ya skrini na kuyafunika maandishi. Akalifunga, akajaribu tena, na dirisha likarudi.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole, "nimeomba herufi, nimepewa dirisha."

"Kihariri kimedhani umetoa amri, Mwalimu."

"Amri gani? Mimi ninaandika."

Jibu hilo halijaniacha kwa majuma kadhaa sasa.

Ninaishi kwa vihariri vya matini, yaani programu za kuandikia na kurekebisha maandishi. Mikono yangu imezoea Ctrl, Alt na Shift kiasi kwamba sikumbuki mara ya mwisho nilipoitafuta amri kwenye menyu. Kwa muda wote huo nilichukulia kwamba kibodi ina vitufe vya aina mbili, vile vya kuandikia na vile vya kuamuru, na kwamba mpaka kati yao unajulikana. Mwalimu alinionyesha kitufe kilichosimama juu ya mpaka huo, na tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza nani mwenye haki ya kwanza juu yake.

## Alt ya kulia si Alt

Kwenye kibodi nyingi za Ulaya, kitufe kilicho upande wa kulia wa kitufe cha nafasi hakiitwi Alt bali AltGr, na kazi yake ni kuandika. Mjerumani hukishikilia pamoja na Q ili apate @, na pamoja na 7 ili apate mabano ya {. Mtu wa Polandi hukishikilia pamoja na a ili apate ą, na pamoja na s ili apate ś. Kwa Gĩkũyũ, ĩ na ũ si mapambo juu ya i na u. Ni irabu nyingine kabisa, na anayeziandika bila alama anamlazimisha msomaji abahatishe neno kwa kuangalia muktadha. Kwa hiyo mpangilio wa Mwalimu haukuwa na jambo lolote la ajabu. Ulifuata desturi ambayo mamilioni ya watu wanaitumia kila siku.

Tatizo liko katika namna Windows inavyokitangaza kitufe hicho. Mpangilio wa kibodi ukiwa na AltGr, mfumo huziarifu programu kwamba Ctrl na Alt zimebonyezwa kwa pamoja. Kinyume chake pia ni kweli: mwenye kibodi isiyo na AltGr anaweza kushikilia Ctrl na Alt kwa pamoja akapata herufi zilezile. Mpango huu ulikuwa na huruma ndani yake, kwa maana kibodi ya kwanza ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na vitufe 83 na Alt moja tu. Lakini matokeo yake ni kwamba kihariri kinaposikia Ctrl, Alt na U, hakiwezi kujua kwa kuangalia vitufe peke yake kama mtu anaandika ũ au anaomba amri iliyofungwa kwenye Ctrl+Alt+U. Kikiwa na amri hiyo kwenye orodha yake, hukimbilia kuitekeleza na kukimeza kitufe, na herufi haizaliwi kamwe. Ni kama mlinzi wa geti anayemrudisha mgeni kabla ya kumwuliza amekuja kwa nani.

Hili si jambo jipya. Raymond Chen wa Microsoft aliwaeleza watengenezaji wa programu mwaka 2004 kwamba wasitumie Ctrl+Alt kama msingi wa njia za mkato, kwa sababu hiyo hiyo ya AltGr. Onyo hilo limezeeka, na bado programu mpya hutoka kila mwaka zikiwa na amri za Ctrl+Alt ambazo hakuna mtumiaji aliyeziomba.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha mwaka 2015. Watu walioandika Kipolandi kwenye Medium, jukwaa la kuchapishia makala mtandaoni, waligundua kwamba herufi ś haiandikiki. Herufi nyingine nane za pekee za lugha hiyo zilikubali, hiyo moja ikakataa. Marcin Wichary, mzaliwa wa Polandi aliyekuwa akifanya kazi hapo, alieleza chanzo chake hadharani. Kihariri cha Medium huhifadhi maandishi chenyewe, lakini watu wana mazoea ya kubonyeza Ctrl+S, na kivinjari kikiona hivyo hufungua dirisha la kuhifadhi ukurasa. Ili kuwaepusha watu na dirisha hilo, watengenezaji walikizuia kitendo cha Ctrl+S. Sharti lao liliuliza kama Ctrl imeshikiliwa na kama kitufe ni S. Halikuuliza kama Alt nayo imeshikiliwa. AltGr+S ikaonekana kuwa Ctrl+S, ikazuiwa, na ś ikapotea.

Sharti moja lililosahauliwa liliifuta herufi moja ya lugha nzima.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Watu walioandika mstari ule walikuwa wakijaribu kuwasaidia waandishi. Ndiyo maana kisa hiki kinanisumbua kuliko kama kingekuwa cha uzembe: nia njema haikutosha, kwa sababu swali la kwanza lililoulizwa lilikuwa "hii ni amri?" wakati lilipaswa kuwa "mtu huyu anaandika nini?"

## Ctrl ilizaliwa ikiandika

Nilianza kutafuta siku ambayo amri zilivamia eneo la maandishi. Nilitarajia kukuta zama za kale ambapo kila kitufe kilikuwa na kazi yake. Nilichokikuta kilinigeuza mawazo.

Msimbo wa ASCII, unaoipa kila herufi namba yake, ulitolewa mwaka 1963, na Teletype Model 33, mashine ya kuchapia na kutuma maandishi, ikatoka mwaka huohuo. Msimbo huo una nafasi 128, na nafasi 32 za mwanzo hazina herufi ya kuonekana. Namba 7 hupiga kengele, namba 9 huruka hadi kwenye kituo cha safu, namba 10 huisogeza karatasi mstari mmoja, namba 13 hukirudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari, namba 27 ni Esc. Mtu angeziandikaje alama hizo kwa vidole? Kwa Ctrl. Kitufe hicho kilichukua namba ya herufi na kuondoa biti zake za juu. G ni 71; toa 64, inabaki 7, na kengele inalia. M ni 77, hivyo Ctrl+M ni 13. I ni 73, hivyo Ctrl+I ni 9.

Kwa maneno mengine, Ctrl ilikuwa ndugu wa Shift. Shift iliandika alama ya pili ya kitufe, na Ctrl iliandika alama zisizoacha wino.

Hapo dhana yangu ya mpaka ilibomoka. Amri hazikuvamia maandishi kutoka nje. Zilikuwa maandishi, na baadaye programu zikaanza kuyasoma maandishi hayo kama amri.

Urithi huu bado unatutawala. Kihariri kinachofanya kazi ndani ya terminali, yaani dirisha la maandishi matupu linaloiga mashine hizo za zamani, hakipokei vitufe. Kinapokea baiti, yaani namba. Kwa desturi ya zamani, Tab na Ctrl+I hufika zikiwa baiti moja, yaani 9, na kihariri hakiwezi kuzitofautisha hata kwa nia njema kiasi gani. Ndivyo ilivyo kwa Enter na Ctrl+M, na kwa Esc na Ctrl+[. Ukishikilia Shift juu ya Ctrl+A, terminali hiyo hutuma baiti ileile ya 1, kana kwamba kidole cha Shift hakikuwapo. Mtu anayelalamika kwamba amefunga amri kwenye Ctrl+I na sasa Tab imeharibika hana kosa, na kihariri chake pia hakina. Wote wawili wamerithi karatasi na kengele za miaka ya 1960.

Alt ina hadithi yake. Terminali nyingi huituma kwa kutanguliza Esc: Alt+f hufika kama baiti ya 27 ikifuatwa na f. Mishale ya kusogeza kielekezi nayo huanza na 27. Sasa fikiria kihariri kimepokea 27 peke yake. Je, mtu amebonyeza Esc, au huu ni mwanzo wa Alt, au ni mshale ambao sehemu yake bado iko njiani? Hakuna njia ya kujua ila kusubiri. Programu ya tmux, inayoigawa terminali moja kuwa kadhaa, kwa miaka mingi ilisubiri nusu sekunde nzima kabla ya kuamua, na waliotumia kihariri cha Vim ndani yake walikuwa wakibonyeza Esc na kuona kihariri kimeganda kwa muda mfupi usioelezeka. Wengi waliilaumu Vim.

Wako wanaolitengeneza jambo hili kutoka kwenye mzizi. Terminali ya xterm ilianzisha njia ya kutuma vitufe pamoja na namba inayoeleza nini kimeshikiliwa: unaanza na 1, Shift inaongeza 1, Alt inaongeza 2, Ctrl inaongeza 4. Kovid Goyal, aliyetengeneza terminali ya kitty, ameandika itifaki kamili inayoipa kila kitufe namba yake, ili Tab na Ctrl+I zitengane hatimaye. Ninaiona kazi hiyo kuwa ya heshima kubwa, kwa sababu inahitaji terminali na kihariri vikubaliane, na makubaliano ya namna hiyo huchukua miaka.

## Waliozidisha vitufe na waliovikataa

Mwaka 1976 vilizaliwa vihariri viwili ambavyo wazao wake tunavitumia hadi leo, na kila kimoja kililijibu swali la Mwalimu kwa njia yake, ingawa hakuna aliyekuwa akimfikiria mwandishi wa Gĩkũyũ.

Emacs ilianzia MIT, mikononi mwa Richard Stallman, kwenye maabara ambayo kibodi zake zilikuwa na kitufe cha kushikilia kiitwacho Meta pamoja na Ctrl. Baadaye kidogo, John Kulp wa hapohapo alibuni kibodi iliyokuwa na Ctrl, Meta, Super na Hyper. Katika mazingira yenye utajiri huo, hakukuwa na haja ya kuzigusa herufi zenyewe. Herufi ziandike, na vitufe vya kushikilia viamuru. Ndani ya Emacs kuna jambo ambalo ninalipenda sana: hata ukibonyeza a peke yake, kinachoendeshwa ni amri, ambayo kazi yake ni kuiingiza herufi hiyo mahali kielekezi kilipo. Kuandika hakupuuzwi wala hakuchukuliwi kuwa mabaki ya kile ambacho amri zimekiacha. Kuna kiti chake mezani.

Lakini kibodi zile hazikufika madukani. Kompyuta za kawaida zilikuja na Alt tu, na Meta ikahamia humo. IBM nayo, kwenye kibodi yake ya Model M ya mwaka 1985, iliiweka Ctrl kwenye pembe ya chini na kuipa Caps Lock nafasi nzuri iliyo kando ya A. Watu wa Emacs wamekuwa wakiibadilisha Caps Lock iwe Ctrl tangu hapo, na kidole kidogo cha mkono wa kushoto kinaelewa kwa nini.

Bill Joy wa Berkeley aliiandika vi mwaka huohuo wa 1976. Aliitumia terminali ya ADM-3A, ambayo mishale ya kielekezi ilikuwa imechorwa juu ya H, J, K na L, na Esc ilikuwa mahali Tab ilipo leo. Jibu lake lilikuwa kinyume: usizidishe vitufe vya kushikilia, tenga nyakati. Kuna wakati wa kuandika, ambapo herufi ni herufi, na kuna wakati wa kuamuru, ambapo herufi hizohizo ni amri. Bram Moolenaar aliliendeleza wazo hilo kwenye Vim, aliyoitoa mwaka 1991. Moolenaar alifanya kazi mwaka 1994 kama mhandisi wa maji na usafi wa mazingira katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, na baadaye wengi walioifungua Vim bila faili walikutana na ombi la kuwasaidia watoto wa Uganda. Alifariki mwaka 2023. Sijui programu nyingine ya ufundi iliyoileta sehemu hii ya dunia mbele ya macho ya watu wengi namna hiyo.

Kwa siku kadhaa niliamini kwamba Vim ndiyo ingekuwa jawabu la Mwalimu. Wakati wa kuandika, ũ ingeingia bila kizuizi. Kisha nikamfikiria yeye mwenyewe, mtu wa miaka sabini na kitu, anayesahau yuko katika wakati gani, anayeandika mstari mzima wa methali wakati kihariri kinausoma kama mfululizo wa amri. Larry Tesler aliliona hilo mapema. Akiwa kwenye maabara ya utafiti ya Xerox PARC katikati ya miaka ya 1970, yeye na Tim Mott walitengeneza kihariri cha Gypsy kwa ajili ya wahariri wa kampuni ya vitabu vya shule, wakiwatazama watu hao wakifanya kazi na kuwasikiliza. Walitupilia mbali mgawanyo wa nyakati: herufi iandike daima. Tesler, aliyefariki mwaka 2020, aliliamini jambo hilo kiasi cha kuliandika kwenye namba za gari lake.

Ninakubaliana naye. Lakini uamuzi wake una gharama ambayo niliiona nilipomfikiria Mwalimu. Ukishasema kwamba herufi ziandike daima, amri zote lazima zikimbilie kwenye vitufe vya kushikilia, na huko zinakutana na waandishi wa ś, @ na ũ, ambao nao hawana pengine pa kwenda.

Apple ndiyo iliyogawa mali hii kwa haki kuliko wengine. Mashine ya Lisa ya mwaka 1983 iliziweka amri za kutendua, kukata, kunakili na kubandika kwenye Z, X, C na V, zikishikiliwa na kitufe cha pekee. Macintosh ya mwaka 1984 ikakipa kitufe hicho alama ya ⌘, ambayo mchoraji wake Susan Kare aliikuta kwenye kamusi ya alama, na ambayo hutumika nchi za Skandinavia kuonyesha mahali pa kutembelea. Kibodi ya Macintosh hiyo haikuwa na Ctrl kabisa. Ilikuwa na Command kwa ajili ya amri na Option kwa ajili ya herufi za ziada. Kila kimoja kilikuwa na bwana wake.

Upande wa pili, IBM ilipendekeza mwaka 1987 kunakili kuwe Ctrl+Insert na kubandika kuwe Shift+Insert, lakini kufikia Windows 3.1 ya mwaka 1992 herufi za Apple zilikuwa zimeshinda, zikapandishwa juu ya Ctrl. Ctrl+C ikawa kunakili, ilhali ndani ya terminali ilikuwa tayari ni namba 3, ya kuisimamisha programu. Ndiyo sababu kwenye madirisha mengi ya terminali za Linux tunanakili kwa Ctrl+Shift+C.

## Herufi au mahali?

Rafiki yangu wa Maskati, ambaye familia yake ilitoka Unguja, huandika Kiarabu na Kiswahili katika barua moja, akibadilisha mpangilio wa kibodi kila baada ya sentensi chache. Nilipomweleza habari za Mwalimu, aliniambia kwamba yeye ana shida nyingine. Katika kihariri kimoja anachokitumia kazini, akiwa kwenye Kiarabu, Ctrl+C hainakili chochote.

Sababu yake ni nyepesi kuieleza na ngumu kuitatua. Kitufe kilichochapwa C, kwenye mpangilio wa Kiarabu hutoa ؤ. Z hutoa ئ, V hutoa ر. Kihariri kinachouliza "ni herufi gani imetokea?" kinapata ؤ, kinatazama orodha yake, hakioni kitu, kinanyamaza.

Basi kiulize mahali kitufe kilipo? Vivinjari vya leo hutoa majibu yote mawili kwa kila kitufe: herufi iliyotokea, na jina la mahali, linalofuata kibodi ya Kimarekani. Ukifuata mahali, rafiki yangu wa Maskati anapona. Lakini Mjerumani anaumia, kwa sababu kwenye kibodi yake Z na Y zimebadilishana nafasi. Akibonyeza kitufe kilichoandikwa Z ili atendue kosa, kihariri kinachofuata mahali kinakiona kuwa Y, na mara nyingi Y ndiyo ya kurudia kilichotenduliwa. Mfaransa naye ana W pale ambapo Mmarekani ana Z.

Nimelifikiria hili kwa muda mrefu na nina msimamo. Amri iliyofungwa kwa herufi, kama C ya kunakili, ifuate herufi pale ambapo mpangilio unatoa herufi za Kilatini, na ifuate mahali pale ambapo hautoi. Amri iliyofungwa kwa ajili ya umbo la mkono, kama H, J, K na L za vi, ifuate mahali siku zote. Na menyu imwonyeshe mtu kitufe kama kilivyoandikwa kwenye kibodi yake, si kama kilivyoandikwa kwenye kibodi ya aliyeitengeneza programu. Vim ina njia yake nzuri ya kuzunguka: kibodi inabaki ya Kilatini machoni pa mfumo, na kihariri chenyewe hubadilisha herufi kuwa za Kiarabu wakati wa kuandika tu, hivyo amri haziguswi.

Kiswahili cha herufi za Kilatini kimesalimika na mengi ya haya, lakini si yote. Kwenye mpangilio uitwao United States-International, ambao huja pamoja na Windows, kitufe cha ' hakitoi kitu papo hapo. Kinasubiri herufi inayofuata, na ikiwa ni irabu, kinaipandishia alama. Andika ng'ombe kwa mpangilio huo, utapata ngómbe. Ng'ambo inakuwa ngámbo. Ili kuokoka, lazima ubonyeze kitufe cha nafasi baada ya '. Vihariri vya kuandikia programu huongeza lao: baadhi, vikiona ', huongeza ya pili papo hapo kwa kudhani unafungua nukuu. Mtu anayeandika hadithi ya mfugaji katika kihariri cha namna hiyo anapigana na mashine kila ng'ombe anapotajwa.

## Wanaotegemea amri

Katikati ya majuma haya nilifikia mahali pa kutaka kusema kwamba amri zipunguzwe, na waandishi waachiwe vitufe vyao. Kilichonizuia ni kumkumbuka kijana asiyeona niliyewahi kufanya naye kazi, ambaye hatumii kipanya kabisa. Kwake, njia ya mkato si starehe ya mtaalamu. Ndiyo njia pekee. Programu ya NVDA inayomsomea skrini huchukua Insert, na wengine huipa Caps Lock, iwe kitufe cha kushikilia cha nne, na juu yake zimepangwa amri nyingi mno. NVDA yenyewe hufunguliwa kwa Ctrl+Alt+N. Kwenye kibodi ya Kipolandi, hiyo ni njia ya kuandika ń.

Kwa hiyo kuna haki mbili, na zote ni za kweli. Anayeandika ń hawezi kuambiwa aache lugha yake, na asiyeona hawezi kuambiwa aache masikio yake. Hapo ndipo nilipoacha kutafuta nani apewe kitufe na kuanza kutafuta namna kinavyoweza kugawanywa.

## Kulia na kushoto

Namna hiyo ipo, na ipo ndani ya kihariri kikongwe. Emacs kwenye Windows ina mpangilio uitwao w32-recognize-altgr, ambao umewashwa tangu mwanzo. Huo huifanya Emacs itofautishe AltGr na Ctrl+Alt za kushikiliwa kando, ili AltGr iandike. Emacs hiyohiyo kwenye Mac ina ns-right-alternate-modifier: ukiipa thamani ya none, Option ya kulia itaandika herufi za mpangilio wako, huku Option ya kushoto ikibaki kuwa Meta. Terminali ya iTerm2 nayo hukuruhusu kuzipa Option mbili kazi tofauti. Kulia kunaandika, kushoto kunaamuru, na asiyeona anabaki na amri zake zote.

Kwa wanaotengeneza vihariri ndani ya kivinjari, kazi ni fupi zaidi. Kivinjari kinaweza kuulizwa moja kwa moja kama AltGraph imeshikiliwa. Jibu likiwa ndiyo na kitufe kimetoa herufi, herufi iingie, na orodha ya amri isifunguliwe kabisa. Sharti linaloangalia Ctrl liangalie pia Alt na Shift, hata pale zinapoonekana hazihusiki. Mtumiaji aweze kuiondoa amri yoyote kwenye kitufe chake bila kulazimika kuihamishia kwingine, na kitufe kinapomezwa, aweze kuona ni amri gani iliyokimeza, kwa maana Mwalimu alihitaji mtu mwingine amwambie hivyo.

Nimewaandikia watengenezaji wa kihariri alichokuwa akikitumia Mwalimu nikipendekeza amri za Ctrl+Alt ziondolewe kwenye orodha ya mwanzo, na wamejibu kwa adabu wakitaka kujua ni herufi zipi hasa zinazopotea na kwa lugha zipi. Ni swali la haki, na siwezi kulijibu peke yangu. Kama unaandika Kikamba, Kilingala chenye ɛ na ɔ, Kiarabu, au lugha yoyote inayohitaji kitufe cha kushikilia, niandikie herufi unayoitafuta, mpangilio wa kibodi unaoutumia, kihariri chako, na kitu kinachotokea badala ya herufi hiyo. Majibu nitayapanga kwa jedwali kufuata mipangilio ya kibodi na kuwatumia yote pamoja.